Kilimia kiko umbali gani? Jinsi ninavyowaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa nyota

Wanafunzi wa fizikia wa mwaka wa pili ninaowapokea hapa Dar es Salaam huwa wamekwisha kufaulu mitihani mingi ambayo kila swali lake lina jibu lililoandikwa mahali fulani. Utafiti hauko hivyo. Kwa miaka kadhaa nilijaribu kuwaeleza jambo hilo kwa mihadhara kuhusu mashimo meusi na mawimbi ya mvutano, mihadhara waliyoifurahia lakini ambayo haikuwaachia kazi yoyote ya kufanya kwa mikono yao. Siku hizi ninaanza na swali moja tu, ambalo wanaastronomia wenyewe walibishana juu yake kwa takriban miaka 20: Kilimia kiko umbali gani?

Nimekichagua Kilimia kwa makusudi. Ni kundi la nyota ambalo wakulima wetu walilitumia tangu zamani kupangia misimu, na jina lake lenyewe limetokana na kulima. Wapo wanafunzi waliosikia kwa bibi na babu zao kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Jioni za Desemba na Januari, mawingu yakituachia nafasi, tunakitazama upande wa kaskazini kabla ya kugusa kompyuta, na ninawashauri wavuke kwenda Kigamboni, kwenye fukwe zilizo mbali na taa za jiji.

Njia ya kupima umbali huo inaitwa paralaksi. Nyosha mkono, simamisha kidole gumba, kisha kitazame kwa jicho moja baada ya jingine: kidole kitaonekana kuhama mbele ya ukuta. Dunia inapolizunguka Jua, sisi nasi tunatazama nyota kutoka pande mbili za mzingo wake, na nyota iliyo karibu huonekana kuhama kidogo mbele ya nyota za mbali. Ugumu uko kwenye hilo neno "kidogo". Paralaksi ya Kilimia ni kama milisekunde 7.4 za pembe (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde ya pembe, nayo sekunde hiyo ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja), yaani karibu sawa na upana wa sarafu ya sentimita 2.5 iliyowekwa Mbeya na kutazamwa kutoka Dar es Salaam.

Setilaiti ya Hipparcos, iliyorushwa mwaka 1989, ilikuwa ya kwanza kupima pembe za namna hiyo kutoka angani, na katalogi yake ilipochapishwa mwaka 1997 ilikiweka Kilimia kwenye paseki 118 hivi, sawa na takriban miaka ya nuru 385. Njia nyingine zilikuwa zimetoa umbali wa paseki 130 na zaidi. Mtu anaweza kuiona tofauti hiyo kuwa ndogo, lakini mwangaza halisi wa nyota hukokotolewa kwa kipeo cha pili cha umbali wake. Kama Hipparcos ilikuwa sahihi, basi nyota za Kilimia zilikuwa hafifu kwa karibu robo kuliko nadharia ya nyota changa inavyotabiri, na nadharia hiyo ndiyo tunayoitegemea kukadiria umri na umbali wa makundi mengine mengi. Mwaka 2014 darubini za redio zilizounganishwa kutoka sehemu mbalimbali za dunia zilitoa paseki 136, na baadaye setilaiti ya Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, ikaafikiana nazo.

Hapa ndipo ninapowakabidhi kazi. Data za Gaia ziko wazi kwa kila mtu. Toleo la tatu, la Juni 2022, lina nyota zipatazo bilioni 1.8, na mwanafunzi wa hapa anazipata kwa masharti yale yale anayopewa profesa wa Ulaya. Ninawaelekeza waombe nyota zilizomo ndani ya nyuzi mbili kutoka katikati ya Kilimia, waziache zile hafifu mno ili faili lishuke kwa bando la kawaida, kisha watoe wastani wa paralaksi. Siwaambii zaidi ya hapo.

Mwanafunzi mmoja alinijia na umbali uliozidi ule wa Hipparcos mara kadhaa, akiwa na hakika kwamba programu yake ina kosa. Programu ilikuwa sawa kabisa. Alichokuwa amepima ni kila nyota iliyo upande huo wa anga, na nyingi kati yake ziko nyuma sana ya Kilimia. Nilimwomba achore mwendo wa kila nyota angani, mashariki na magharibi kwenye mhimili mmoja, kaskazini na kusini kwenye mwingine. Nyingi zilisongamana karibu na sifuri, lakini pembeni pakatokea kifungu kidogo cha nyota zinazokwenda pamoja kusini-mashariki, kwa milisekunde za pembe zipatazo 49 kwa mwaka. Mwendo huo ni mdogo kiasi kwamba Kilimia kinahitaji zaidi ya miaka 36,000 kusogea upana wa mwezi mpevu, lakini unatosha kuwatenga wenyeji na wapita njia. Alipochukua kifungu hicho peke yake, akapata paseki 136. Alikaa kimya mbele ya kioo kwa muda, nami nikakaa naye.

Kisha huja maswali ambayo kwangu ndiyo utafiti wenyewe. Mpaka wa kifungu umeuchora wapi, na ukiusogeza jibu linabadilika kiasi gani? Je, umesahihisha ule mkengeuko mdogo unaojulikana kuwamo katika paralaksi za Gaia? Ninakataa kupokea umbali wowote usioambatana na kiwango cha shaka ya kipimo, hata kama namba yenyewe inalingana na ile iliyochapishwa.

Swali lenyewe nalo halijafungwa. Mwishoni mwa mwaka 2025 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba Kilimia tunachokiona ni kiini tu cha familia ya nyota zaidi ya 3,000, zilizotawanyika katika eneo la karibu miaka ya nuru 2,000. Waliunganisha data za Gaia na vipimo vya setilaiti ya TESS, inayofuatilia mabadiliko ya mwanga wa nyota, kwa sababu nyota hupunguza kasi ya kujizungusha kadiri inavyozeeka: Jua letu huchukua siku kama 25, ilhali nyota za aina yake katika Kilimia, zenye umri wa miaka zaidi kidogo ya milioni 100, huchukua siku chache tu. Madoa meusi kwenye uso wa nyota ndiyo yanayofichua mzunguko huo, maana mwanga hupungua kila yanapotugeukia.

Data za TESS nazo ni za wazi. Muhula huu kila mwanafunzi wangu atachagua nyota moja iliyo mbali na kiini cha Kilimia lakini inayokwenda upande mmoja nacho, atapima mzunguko wake, kisha atatetea mbele ya wenzake kama ni ya familia hiyo au si yake.