Kwa nini Wamongolia huiita esgii kuukuu "mama"?

Nyumba ya mfugaji wa Mongolia, iitwayo ger, ina kiunzi cha mbao kilichovikwa esgii. Hii ni nguo nene ya sufu ya kondoo, haikufumwa wala haina uzi hata mmoja, na bado upepo wa baridi kali haupenyi. Ukiikata kwa kisu, ukingo haufumuki.

Siri iko kwenye unywele wa kondoo. Umefunikwa na magamba madogo mno, yamelaliana kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani. Ukiulowanisha na kuusugua, unatambaa kwa urahisi upande mmoja tu, wa shinani. Mamilioni ya nywele yakitambaa hivyo kati ya nywele nyingine hujisokota, yakabana, na hayarudi tena yalivyokuwa.

Kazi huanza kwa kuichapa sufu kwa fimbo. Vumbi hutoka, lakini kubwa zaidi ni kuyachambua mabonge. Bonge likiachwa, pale patakuwa pagumu na pembeni yake patabaki pembamba, na hapo ndipo baridi itakapoingilia.

Kisha hutandikwa esgii ya zamani: huyo ndiye "mama". Sufu hupangwa juu yake tabaka kwa tabaka na kunyunyiziwa maji. Hapa mkono wenye uzoefu huonekana. Maji yakipungua, nywele hazishikani. Yakizidi, sufu inaelea na matabaka yanahama wakati wa kukunja. Juu hutawanywa majani ili sufu isigandane na inachokutana nacho inapokunjwa. Vyote hukunjwa kuzunguka nguzo ya mti, vikawa mzingo, vikafungwa kwa ngozi mbichi iliyolowa, kamba zikakazwa. Farasi au ngamia huuvuta mzingo huo, unabingirika kama pipa, huku na huko uwandani. Sufu ikibana husinyaa, kwa hiyo kamba lazima zikazwe upya. Zikiachwa legelege hutokea mikunjo, na mkunjo ukishashikana hauondoki.

Mzingo ukifunguliwa, esgii mpya huambuliwa kutoka kwa mama. Huyo ni "binti": amelala juu ya mama, amefuata umbo lake, na siku moja naye atatandikwa azae mwingine. Jina limetoka kwenye kazi yenyewe, ndiyo maana lina uzito. Hunyunyiziwa maziwa na kuombewa awe mweupe kama theluji, mgumu kama mfupa.

Zulia la shirdeg hushonwa juu ya esgii kwa uzi wa manyoya ya ngamia. Mishono ile huifanya ivumilie miguu, na papo hapo huchora maana. Ulzii, fundo lisilo mwanzo wala mwisho, ni dua ya maisha marefu na heri isiyokatika. Bangili ya mfalme na herini ya malkia, pete zilizoshikana, ni alama za ndoa.

Chinggis Khan, mwanzilishi wa dola ya Wamongolia, alipotawazwa mwaka 1206, watu aliowaunganisha walitajwa kuwa wale wanaokaa ndani ya kuta za esgii. Ufundi wenyewe ni wa kale kuliko yeye. Mwaka 1924 na 1925, msafara wa mpelelezi Mrusi Pyotr Kozlov ulifukua makaburi ya Waxiongnu, wafugaji wa kale wa nyika hizo, huko Noin-Ula, kaskazini mwa Mongolia, ukakuta mazulia ya esgii ya miaka takriban 2,000. Katikati yamejaa mizunguko iliyoshonwa kwa mkono, mishono ikiwa ingali imeshika.