Kuzoea uwanja mwembamba: kinachowasumbua chipukizi wa Ulaya katika hoki ya Amerika Kaskazini

Wasaka vipaji wa hoki ya barafuni wanaposema kwamba kijana fulani kutoka Finland au Sweden “bado hajazoea”, huwa wanazungumzia jambo mahususi zaidi ya ugeni wa kawaida. Wanakusudia kipindi, kinachoweza kuwa cha miezi michache au cha misimu kadhaa, ambapo mchezaji aliyekwisha kuthibitisha ubora wake katika ligi ya watu wazima barani Ulaya anahamia NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, na mambo aliyokuwa akiyafanya bila kufikiri yanaanza kumshinda: pasi zake zinakatwa, mashuti yake yanazuiwa kabla ya kufika golini, na kile kisahani cha mpira mgumu kinachochezewa kinamponyoka kabla hajainua kichwa. Watu wengi huyachukulia hayo kuwa upungufu wa ujasiri au wa kipaji. Kiini chake kwa kweli ni vipimo, kwa maana kwamba macho na miguu ya kijana huyo vimefunzwa tangu utotoni kukadiria umbali na muda katika uwanja wa ukubwa mwingine.

Uwanja wa kimataifa ambao vizazi vya wachezaji wa Ulaya vimekulia una urefu wa mita 60 na upana wa mita 30. Uwanja wa NHL una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, yaani karibu mita 61 kwa 26. Urefu unakaribiana sana. Kinachopungua ni upana, na upungufu huo wa mita 4 unaondoa zaidi ya mita 200 za mraba za barafu. Kwa kuwa kila timu huwa na wachezaji watano wa ndani pamoja na kipa, kila mmoja wa wale kumi wanaoteleza hupungukiwa na takribani mita 22 za mraba za nafasi. Msomaji wa Nairobi aliyewahi kuwatazama Ice Lions wa Kenya wakicheza katika ukumbi wao, ambao ni mdogo kuliko kipimo rasmi, ameshaona jinsi barafu inapopungua kila uamuzi unavyolazimika kufanywa mapema zaidi.

Tuchukue mfano wa winga anayepokea pasi akiwa kando kabisa, karibu na ubao unaozunguka uwanja. Barani Ulaya, katika uwanja wa kipimo cha zamani, yuko mita 15 kutoka katikati ya upana. Katika NHL yuko mita 13. Mpinzani anayemjia kutoka katikati kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde huimaliza tofauti hiyo ya mita 2 kwa robo ya sekunde, na robo ya sekunde ndiyo muda ambao mchezaji mzuri huutumia kuangalia nani yuko huru na kuamua ampe nani. Winga huyo hajawa mzito wala mjinga baada ya kuvuka bahari ya Atlantiki. Anaamua kwa kasi ile ile aliyoizoea, lakini mlango aliouona wazi unakuwa umefungwa anapoufikia.

Ufinyu huo umezaa namna tofauti ya kucheza. Katika uwanja mpana, timu iliyobanwa inaweza kurudisha kisahani nyuma, kujipanga upya na kuanza shambulizi jingine, kwa sababu kukimiliki kuna thamani kubwa na nafasi ya kukilinda ipo. Mshambuliaji mwenye kasi humzunguka beki kwa nje kisha akaingia golini. Katika uwanja mwembamba, njia hiyo ya nje huishia ubaoni, na beki anachohitaji ni kumsukuma mshambuliaji kidogo tu ili ajifungie njia mwenyewe. Kwa hiyo timu za Amerika Kaskazini mara nyingi hukitupa kisahani ndani ya eneo la mpinzani, nyuma ya mabeki, kisha zikakikimbilia na kukigombania pembeni. Kijana aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kukitoa kisahani ovyo ni kosa anaambiwa sasa akitoe kwa makusudi, halafu akakipiganie kwa mabega.

Umbali wa kupiga shuti nao hubadilika. Anayepiga kutoka pembeni mwa uwanja mpana yuko mbali mno na goli, na kipa hana shida naye, ndiyo maana timu za Ulaya huzungusha pasi kwa subira hadi upenyo upatikane. Katika NHL, shuti la kutoka pembeni ni la hatari zaidi kwa sababu linatoka karibu, na mabao mengi hupatikana kwa kisahani kilichomgonga kipa kikarudi mbele ya watu wanaosukumana hatua chache kutoka golini. Kukaa pale, huku mgongo ukipigwa magongo na beki mwenye kilo 100, ni kazi inayofundishika, lakini kijana aliyekuwa bingwa wa pasi za mbali hakuwahi kuihitaji.

Hapa ndipo suala la vikumbo linapoingia, na ndipo dharau ilipoanzia. Hadi mwaka 1969 sheria za kimataifa hazikuruhusu kumpiga mpinzani kikumbo katika kila eneo la uwanja, ilhali Kanada jambo hilo lilikuwa sehemu ya kawaida ya mchezo. Ulf Sterner, Mswidi aliyekuwa mchezaji wa kwanza aliyelelewa na hoki ya Ulaya kucheza NHL, aliichezea New York Rangers mechi 4 tu mwaka 1965, kisha akarudi kwao. Miaka minane baadaye Toronto Maple Leafs waliwaleta Börje Salming na Inge Hammarström, na wapinzani wakawapokea kwa vipigo na kwa maneno ya kuwaita Waswidi waoga. Salming alidumu Toronto misimu 16, na mwaka 1996 akaingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa hoki. Hata hivyo shutuma ya woga haikufa pamoja na enzi ile, na ninaamini imewaumiza vijana wengi waliokuja baadaye, kwa kuwa kocha anayeamini kwamba tatizo la mchezaji ni moyo wake hatajisumbua kumfundisha pahali pa kusimama.

Siku hizi tofauti ya upana yenyewe inapungua. Viwanja vingi vya Finland vina upana wa mita 28, na michezo ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2022 ilichezwa katika uwanja wa kipimo cha NHL. Wachezaji waliotoka Ulaya sasa ni zaidi ya robo ya ligi nzima. Kama vipimo peke yake vingekuwa tatizo, basi tungetarajia ugumu huu uwe umekwisha, lakini haujaisha, na sababu ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote ni kwamba vipimo hurekebishwa kwa kucheza, na kucheza ndiko ambako mgeni hunyimwa.

Kijana wa miaka 18 aliyekuwa akicheza katika safu ya kwanza huko kwao, yaani kundi la washambuliaji linaloaminiwa zaidi kati ya yale yanayopokezana, akiingizwa kila timu yake ilipokuwa na mchezaji mmoja zaidi ya mpinzani aliyeadhibiwa, hujikuta katika safu ya nne, akicheza dakika saba au nane, pamoja na wenzake ambao kazi yao ni kugongana na kuzuia. Akikosea mara moja anakaa benchi. Ratiba ya mechi zaidi ya 80, ikilinganishwa na 52 za ligi kuu ya Sweden, pamoja na safari za ndege zinazovuka majira ya saa, huacha siku chache sana za mazoezi ya kweli, hivyo hawezi hata kujifunza asipokuwa mchezoni. Juu ya hayo anaishi mbali na wazazi na anapewa maelekezo kwa Kiingereza ambacho pengine hakijamkaa vizuri.

Jesse Puljujärvi, mshambuliaji kutoka Finland, aliyapitia karibu yote hayo. Edmonton Oilers walimteua wa 4 mwaka 2016, katika uteuzi wa kila mwaka ambapo timu za NHL huchagua chipukizi kwa zamu, akitokea klabu ya Kärpät ya mji wa Oulu, wakamwingiza NHL akiwa na miaka 18 na Kiingereza kidogo, na katika mechi 28 za msimu wa kwanza akafunga bao 1. Alishushwa ligi ya chini, akapandishwa, akashushwa tena, akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na mwaka 2019 akarudi Oulu, ambako alifunga mabao zaidi ya 20 katika msimu mmoja. Aliporejea Edmonton na kupewa nafasi kubwa zaidi, alifunga mabao 15 katika msimu uliofupishwa wa 2020–21. Hakuwahi kuwa nyota aliyetarajiwa, na si haki kudai kwamba mpango bora ungemfanya awe nyota. Patrik Laine, Mfini mwenzake aliyeteuliwa wa 2 mwaka ule ule, alifunga mabao 36 katika msimu wake wa kwanza Winnipeg, kwa hiyo wapo wanaoingia moja kwa moja bila kujikwaa. Lakini Laine alikabidhiwa tangu mwanzo kazi ile ile aliyokuwa akiifanya nyumbani, yaani kupiga mashuti.

Kwa wengine wote kuna njia za kati. Leon Draisaitl wa Ujerumani alihamia ligi za vijana za Kanada mwaka 2012, kabla hata ya kuteuliwa, akauzoea uwanja mwembamba akiwa na wenzake wa rika moja. Mikko Rantanen alitumia karibu msimu mzima wa 2015–16 katika AHL, ligi ya daraja la pili, akicheza dakika nyingi kila usiku, na baadaye akawa mmoja wa nguzo za Colorado Avalanche iliyotwaa ubingwa mwaka 2022.

Njia ya Moritz Seider ndiyo inayonivutia zaidi. Detroit Red Wings walimteua beki huyo Mjerumani wa 6 mwaka 2019, wakampeleka kwanza Grand Rapids katika AHL ambako hakufunga mabao mengi ila alicheza sana, kisha, janga la korona lilipovuruga ratiba, wakamruhusu kucheza msimu wa 2020–21 katika klabu ya Rögle nchini Sweden, ambako alichaguliwa kuwa beki bora wa ligi. Alipoingia NHL msimu uliofuata alikuwa na miaka 20. Alicheza mechi zote 82, akapata pointi 50 (mabao pamoja na pasi za mabao), na akatwaa tuzo ya Calder ya mchezaji bora chipukizi.