Je, wajua? Mchezaji wa besiboli anaweza kuiba vituo 107 na bado namba yake ikawa ya mashaka

Mwaka 1986, Vince Coleman wa St. Louis Cardinals aliiba vituo 107 na kunaswa mara 14 tu. Ukiishia hapo utasema huyu namba yake kikosini haiguswi. Sasa tazama upande wa pili: katika mara 600 alizohesabiwa kupiga, mpira ulimkubali, yaani alipiga akafika kituoni (hiti), mara 139, sawa na asilimia 23.2. Mingi ya mipira hiyo ilimfikisha kituo cha kwanza tu, na hakuna hata mmoja uliovuka ukuta wa uwanja, pigo linalompa mpigaji pointi papo hapo, msimu mzima. Na huyu ndiye aliyekuwa mfungua dimba, mpigaji wa kwanza wa timu.

Kama besiboli ni ngeni kwako, fikiria raundasi ya shule ya msingi: unapiga mpira, unakimbia vituo, ukirudi nyumbani timu inapata pointi. Kuiba kituo ni kukimbilia kituo kinachofuata kabla mwenzako hajapiga. Coleman anasimama kituo cha kwanza, anajisogeza hatua mbili tatu kando, macho kwa mrushaji. Mrushaji akiinua tu mguu kuelekea kwa mpigaji, jamaa kashaondoka. Ana mita 27 na ushei mbele yake. Mdakaji anaupokea mpira, anainuka, anautupa kituo cha pili. Huku vumbi, huku mkono wa mwamuzi. Uwanja mzima unasimama.

Ndiyo maana mbio zinadanganya. Zinaonekana. Kitu kisichoonekana ni kutolewa. Kila timu ina awamu tisa, na kila awamu inaisha wapigaji watatu wakitolewa. Jumla 27. Huo ndio mtaji wote wa siku, na hakuna duka la kuongeza mwingine. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mfungua dimba si ana kasi gani, ni anafika kituoni mara ngapi bila kuuchoma mtaji. Hapa tunahesabu hiti zake pamoja na vile vituo vya bure anavyopewa mrushaji akikosea mipira minne, au mpira ukimgonga mwilini. Coleman wa 1986 alifika mara 301 kwa kila nafasi 1,000. Wastani wa ligi yake ulikuwa karibu 320. Kwa nafasi kama 670 alizopata, pamoja na zile za vituo vya bure zisizohesabiwa kwenye 600 za mwanzo, tofauti hiyo ni mara 13 hivi ambazo mpigaji wa kawaida tu angekuwa kituoni na yeye alikuwa anarudi benchi. Wenyewe kwenye mchezo huu wana kauli yao: kituo cha kwanza hakiibiwi.

Lakini tusimwonee, miguu yake nayo ina bei. Wachambuzi wa takwimu wanakadiria kwamba kituo kimoja kilichoibwa kinaongeza kama sehemu moja ya tano ya pointi. Kunaswa kunapunguza karibu mara mbili ya hiyo, kwa sababu unapoteza mkimbiaji na unachoma mtaji kwa mpigo mmoja. Maana yake mwizi anayefaulu mara mbili kwa kila tatu amefanya kazi ya bure. Coleman alifaulu asilimia 88. Piga hesabu: vituo 107 vinaleta pointi 21 na kitu, kunaswa 14 kunakula kama 6, zinabaki 15 au 16. Pointi 10 hivi za ziada huhesabiwa kuwa sawa na ushindi mmoja, kwa hiyo miguu peke yake ilimletea timu ushindi mmoja na nusu. Mlinganishe na Omar Moreno wa Pittsburgh Pirates mwaka 1980. Naye alikuwa mfungua dimba asiye na nguvu, akafika kituoni mara 306 kwa 1,000 na kuiba vituo 96. Ila alinaswa mara 33. Faida yake inashuka hadi pointi 6. Kwa jicho la shabiki wa jukwaani, wote wawili ni wezi hodari.

Kuna hesabu nyingine inayopotosha, nayo ni pointi alizofunga. Mwaka 1985 Coleman alifunga 107, akaiba vituo 110, rekodi kwa mchezaji wa msimu wa kwanza, na Cardinals wakashinda mechi 101. (Oktoba ile mashine ya kufunika uwanja kwa turubai ilimpanda mguu kabla ya mechi ya mchujo, akaikosa World Series, fainali ya ubingwa, yote. Mtu asiyekamatika, kakamatwa na turubai.) Mwaka uliofuata pointi zake zilishuka hadi 94. Kweli alifika kituoni mara chache zaidi, lakini pia Willie McGee, aliyepiga asilimia 35.3 mwaka 1985, alianguka hadi 25.6, na Jack Clark, mwenye nguvu wa timu, aliumia akacheza mechi 65 tu. Mfungua dimba hajirudishi nyumbani mwenyewe, labda awe Rickey Henderson, ambaye mwaka uleule wa 1986 aliiba vituo 87 na juu yake akavusha mipira 28 ukutani.

Sasa, anastahili namba? Mimi husema usijibu kabla hujauliza anacheza wapi na nani anamsubiri benchi. Timu hiyohiyo ilikuwa na Ozzie Smith, mlinzi wa katikati ya kituo cha pili na cha tatu. Mwaka 1979, akiwa San Diego, alipiga asilimia 21.1 na hakuna aliyemgusa, kwa sababu mipira aliyoizuia ingekuwa hiti kwa mtu mwingine. Coleman alisimama uwanja wa kushoto, mahali ambapo timu nyingi huweka watu wa kupiga mabomu. Pale mtu mwenye 301 anaishi kwa miguu yake tu. Wa 1986 namba ningempa, ila kwa shingo upande.

Kufungua dimba, hilo ni jambo jingine, na watu hulichanganya na la kwanza. Mechi za msimu ni 162 na orodha ya wapigaji ina watu tisa. Kila hatua unayomshusha mtu kwenye orodha inampunguzia nafasi za kupiga kama 18 kwa msimu, na kutoka wa kwanza hadi wa tisa ni kama 144. Ukimweka mwenye 301 juu kabisa, umempa fursa nyingi kuliko wote yule anayechoma mtaji haraka.

Kocha Whitey Herzog hakumshusha. Mwaka 1987 Coleman aliiba vituo 109, viwili tu zaidi ya mwaka uliotangulia. Lakini safari hii alifika kituoni mara 363 kwa 1,000, na Clark alikuwa amerudi na kuvusha mipira 35. Pointi zake zikaruka kutoka 94 hadi 121.