Mjumbe wa mchujo Marekani ni nani, na anapatikana kwa hesabu gani?

Tarehe 5 Februari 2008, Hillary Clinton alimshinda Barack Obama kwa kura zaidi ya laki moja katika mchujo wa chama cha Democratic jimboni New Jersey. Siku hiyohiyo Obama alishinda Idaho, ambako waliojitokeza kwenye mikutano ya chama walikuwa takriban 21,000, hawafiki hata robo ya pengo lile la New Jersey. Hesabu ilipofungwa, Clinton alitoka New Jersey na wajumbe 59 dhidi ya 48, yaani alimzidi mwenzake wajumbe 11. Obama alitoka Idaho na wajumbe 15 dhidi ya 3, akamzidi 12. Idaho ikaifuta New Jersey, na chenji ikabaki.

Wengi wetu Afrika Mashariki tulifuatilia mchujo ule kwa sababu ya mtoto wa Mkenya, na tulikuwa tukihesabu majimbo. Waliokuwa ndani ya kampeni walikuwa wakihesabu wajumbe.

Mchujo wa Marekani haumteui mgombea urais moja kwa moja. Anayemteua ni mkutano mkuu wa chama, na wanaopiga kura pale ni wajumbe kutoka kila jimbo. Anayepata zaidi ya nusu ndiye mgombea. Mwaka 2016, kwa mfano, chama cha Republican kilikuwa na wajumbe 2,472, kwa hiyo namba ya kusaka ilikuwa 1,237. Kazi ya mchujo ni kuamua kila mgombea anaondoka na wajumbe wangapi wa jimbo husika.

Msomaji wa Tanzania inabidi kwanza aiweke kando picha aliyoizoea. Mjumbe wa kura za maoni kwetu ndiye mpiga kura mwenyewe: anaingia ukumbini anamchagua amtakaye, na ndiyo maana walioangushwa husema wajumbe si watu. Mjumbe wa Marekani anakwenda mkutanoni kubeba ujumbe wa watu waliokwisha kupiga kura nyumbani. Jina lake linaweza lisijulikane na yeyote. Kinachojulikana ni yuko upande wa nani.

Idadi ya wajumbe wa kila jimbo huwekwa na chama chenyewe. Democratic huangalia kura ambazo jimbo limekipa chama katika chaguzi tatu za urais zilizopita, pamoja na idadi ya kura zake katika Electoral College, chombo kinachomchagua rais. Republican hutoa wajumbe 10 kwa kila jimbo, 3 kwa kila eneo bunge, na nyongeza kwa majimbo yanayokichagua chama. Hata visiwa kama Guam na American Samoa, ambavyo havimpigii rais kura mwezi Novemba, vina wajumbe. Mwaka 2020 mgombea wa Democratic Michael Bloomberg alipata kura 175 American Samoa, zikampa wajumbe 4 kati ya 6.

Kwenye kugawana ndiko vyama hivi viwili vinapoachana njia.

Democratic hugawa kwa uwiano wa kura katika majimbo yote, ila kuna kizingiti cha asilimia 15. Tuseme kuna wajumbe 10 wa kugawana. Wa kwanza kapata asilimia 40, wa pili 30, wa tatu 14, wa nne 10, wa tano 6. Watatu wa mwisho wanatolewa. Zinabaki asilimia 70, na hizo ndizo zinazogeuzwa kuwa mia: wa kwanza anapata wajumbe 6, wa pili 4. Wapiga kura watatu kati ya kila kumi hawakupata hata mjumbe mmoja. Huyo wa asilimia 14 angepanda pointi moja tu, angeingia kwenye mgao. Kwa mgombea mdogo, pointi hiyo moja ndiyo tofauti ya kubaki kwenye mbio au kufunga virago.

Na mgao haufanyiki mara moja kwa jimbo zima. Sehemu kubwa ya wajumbe hugawanywa ndani ya kila eneo bunge peke yake, na hapo hesabu ya kukadiria nusu (mjumbe hagawanyiki) inakuwa na nguvu kuliko hotuba. Chukua eneo lenye wajumbe 4 na wagombea wawili. Ukipata asilimia 55 unapewa 2, mwenzako 2. Ukipata 60, bado ni 2 kwa 2. Ili upate 3 lazima uvuke asilimia 62.5, yaani mgao wako uvuke 2.5 ndipo ukadiriwe kuwa 3. Sasa nenda eneo la jirani lenye wajumbe 3: asilimia 50 na kura moja inakupa 2 kwa 1. Kampeni inayojua hesabu hii haipotezi pesa eneo la wanne ambako iko kwenye 55. Inakwenda kwa watatu, inatafuta kura chache za kuvuka nusu. Ndiyo maana ushindi wa pointi kumi katika jimbo kubwa huzaa ziada ndogo, na ushindi wa kishindo katika jimbo dogo, asilimia 80 kama Idaho, huzaa ziada nene.

Kanuni hii ya uwiano ilipiganiwa. Jesse Jackson, aliyegombea mwaka 1984 na 1988, alilalamika kwamba taratibu za wakati ule zilimpa wajumbe wachache kuliko kura zake zilivyostahili. Baada ya 1988 chama kikakubali, na tangu 1992 hakuna jimbo la Democratic ambalo mshindi anazoa wote. Bila hilo, siku ile ya Februari 2008 Clinton angeondoka na California, New York na New Jersey nzimanzima, na sidhani Obama angeinuka tena.

Republican huyaachia majimbo uhuru mkubwa zaidi. Yanayopiga kura kabla ya katikati ya Machi hutakiwa kugawa kwa uwiano, lakini mengi yanaruhusu aliyevuka asilimia 50 achukue wote. Baada ya hapo jimbo linaweza kumpa mshindi kila kitu hata akiwa na chini ya nusu. South Carolina, mojawapo ya majimbo machache ya mwanzo yasiyobanwa na sharti hilo, humpa mshindi wajumbe wa jimbo na wa kila eneo bunge analoshinda. Februari 2016 Donald Trump alipata asilimia 32.5 pale. Wapinzani wake Marco Rubio na Ted Cruz walipata zaidi ya 22 kila mmoja. Trump alichukua wajumbe wote 50. Kura zilezile zingegawanywa kwa kanuni ya Democratic kijimbo, angepata kama 21. Naona hapo mpinzani aliyegawanyika aliadhibiwa kuliko alivyostahili, ingawa wanaoutetea utaratibu huo wana hoja: chama kinapata mgombea mapema, ugomvi unaisha.

Democratic wana pia wajumbe wasiotokana na mchujo, yaani wabunge, magavana na viongozi wa chama. Tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2018, hawa hawapigi kura raundi ya kwanza isipokuwa kama mshindi ameshapatikana bila wao.

Je, mjumbe anaweza kumgeuka aliyemleta? Kanuni ya Democratic inamtaka awakilishe kwa dhamiri njema hisia za waliomchagua. Julai 21, 2024 Joe Biden alipojitoa, mchujo ulikuwa umekwisha na karibu wajumbe wote walikuwa wake. Hakuna jimbo lililorudia kura. Wajumbe hao wakawa huru, na mwanzoni mwa Agosti, kwa kura iliyopigwa mtandaoni kabla mkutano wa Chicago haujafunguliwa, wakampa Kamala Harris uteuzi.