Talaka na grini kadi ya Marekani: yanayosemwa na ukweli wake

"Mkitengana tu, ombi limekufa." Sivyo. Kulala nyumba mbili si talaka, ingawa ofisa atawahoji kwa ukali zaidi. Kinachoua ombi ni hukumu ya mwisho ya mahakama ikitoka kabla grini kadi haijaidhinishwa. Hapo I-130, fomu ambayo mwenzi alikuombea nayo, inabatilika, na I-485, fomu yako ya kuomba grini kadi, inaanguka nayo, hata kama mahojiano yalishafanyika.

"Mkiachana ndani ya ile miaka 2, unarudishwa kwenu." Uvumi huu ndio unaoumiza watu, kwa sababu wakishatishika hukaa kimya hadi kadi inaisha. Ambaye ndoa yake ilikuwa haijatimiza miaka 2 siku alipopewa ukaazi hupata kadi ya masharti, ya miaka 2. Wanandoa huwasilisha I-751, fomu ya kuondoa masharti hayo, pamoja, katika siku 90 za mwisho wa kadi hiyo. Waliotalikiana hawafungwi na siku hizo: mwenye kadi huiwasilisha peke yake wakati wowote, akiomba kusamehewe sharti la kusaini na mwenzi. Huambatanisha hukumu ya talaka na ushahidi kwamba ndoa ilikuwa ya kweli: mkataba wa pango wenye majina mawili, ritani za kodi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, taarifa za benki zinazoonyesha mishahara ikiingia na bili zikilipwa. Picha za harusi peke yake hazitoshi.

Wengi hukwama hapa: kesi ya talaka bado iko mahakamani. Idara ya uhamiaji, USCIS, huweza kuandika barua kudai hukumu, na barua hiyo ina tarehe ya mwisho isiyongoja mahakama. Kama mlishasaini pamoja kisha mkaachana, peleka hukumu na uombe I-751 ileile ishughulikiwe kama ya mtu mmoja.

"Hata kadi ya miaka 10 hunyang'anywa." Hapana, maadamu ndoa haikuwa ya kughushi. Kinachosogea ni uraia: njia ya miaka 3, ya walio kwenye ndoa na raia wa Marekani, hufungika talaka ikitoka kabla ya kiapo, ukabaki na ile ya miaka 5.

"Aliyeteswa na mwenzi hana njia tena." Anayo. Talaka ikihusiana na mateso hayo, anaweza kujiombea mwenyewe, bila mwenzi, kwa fomu I-360 ndani ya miaka 2 tangu talaka.

"Talaka humfungua mdhamini." Mwombaji akishapata ukaazi, I-864, fomu ya ahadi ya kumtegemeza kifedha, humbana mdhamini mpaka aliyedhaminiwa awe raia, atimize robo-mwaka 40 za kazi, aache ukaazi na kuondoka nchini, au mmoja wao afariki.