Asali Mbichi Usoni: Yanayosemwa Mwanza na Ukweli Wake

Asubuhi moja ya Julai nilikuwa nimesimama kwenye meza ya muuzaji wa asali Kirumba, akafika dada mmoja na chupa aliyoinunua wiki chache nyuma. Nusu ya chini ilikuwa imekuwa nyeupe, yenye chembechembe kama sembe iliyolowa, na juu yake kumebaki asali nyepesi ya rangi ya chai ya rangi. "Kaka, umeniuzia sukari," alisema. Muuzaji alijitetea kwamba asali ilitoka Tabora na hakuiongezea kitu, lakini waliokuwa karibu walikuwa wameshatoa hukumu, na dada akarudishiwa fedha zake.

Hukumu hiyo haikuwa ya haki, kwa sababu kuganda hakuthibitishi kwamba asali imechakachuliwa. Kiasi cha asilimia 80 ya asali ni sukari zilizotokana na maua yenyewe, hasa fruktosi na glukosi, na maji huwa karibu asilimia 17 hadi 20 tu. Glukosi ikizidi uwezo wa maji hayo machache, hujitenga na kuwa chembe, na baridi ya usiku wa kipupwe huharakisha jambo hilo. Asali mbichi, ambayo haikuchujwa sana, huganda upesi zaidi kwa kuwa vipande vidogo vya nta na chavua vilivyobaki ndani yake huzipa chembe hizo mahali pa kuanzia. Kwa matumizi ya ngozi haijapoteza kitu; ponda chembe kati ya vidole hadi zilainike ili zisikwaruze uso, au simamisha chupa ndani ya maji ya uvuguvugu.

Vipimo vya mtaani navyo visikupe imani kubwa. Njiti ya kiberiti iliyochovywa na ikawaka, au tone linalozama kwenye glasi ya maji bila kusambaa, huonyesha zaidi kwamba kimiminika ni kizito, na shira ya sukari iliyopikwa vizuri hufaulu vilevile. Sisimizi nao hufuata asali halisi bila kusita. Ni afadhali kumjua muuzaji na kumwuliza asali imerinwa wapi na lini.

Wapo wanaochemsha asali kwanza "ili kuua wadudu", na hapo ndipo ubichi wake unapopotea. Nyuki huiwekea asali kimeng'enya ambacho, asali inapokutana na maji, huigeuza glukosi taratibu kuwa asidi laini na haidrojeni peroksaidi kidogo, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazoifanya izuie bakteria. Moto mkali hukiharibu. Kwa sababu hiyohiyo asali hupakwa kwenye uso wenye unyevu, si mkavu: nawa, usijifute, paka kijiko kimoja cha chai kwa tabaka jembamba, subiri dakika kumi na tano, kisha suuza kwa maji ya uvuguvugu. Asali huvuta na kushika unyevu, lakini ukishaisuuza unyevu huo huondoka haraka, hasa miezi ya kiangazi upepo unapokauka. Kwa hiyo malizia na mafuta kidogo ya nazi au ya alizeti kabla ngozi haijakauka. Mara ya kwanza ijaribu ndani ya mkono na usubiri siku nzima, kwani chavua iliyomo inaweza kumletea mzio mtu ambaye hula asali bila tatizo.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile ya kwamba asali huweupisha. Mng'ao unaouona baada ya kusuuza ni wa kweli, na sababu yake ni kwamba ngozi iliyojaa unyevu huakisi mwanga vizuri zaidi kuliko ngozi iliyopauka. Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli zilizo chini ya tabaka la nje, na peroksaidi ndogo ya kwenye asali haina nguvu ya kuibadilisha. Krimu inayouzwa kwa jina la asali na kukubadilisha rangi ndani ya wiki mbili inafanya kazi kwa kitu kingine, na mara nyingi katika mikorogo kitu hicho ni zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki hudhuru figo, na steroidi zikitumiwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba kiasi kwamba jeraha dogo hukawia kupona. Ngozi yetu haina kosa lolote linalohitaji kusahihishwa kwa gharama hiyo.

Kutoka hapo watu huongeza ndimu. Maji ya ndimu yana kemikali ambazo, zikipigwa na jua, huichoma ngozi na kuacha mabaka meusi yanayoweza kudumu kwa miezi. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua lake ni kali hata siku ambayo upepo wa ziwa unapooza mwili. Mtu aliyepaka asali na ndimu, kisha akashuka kusubiri kivuko, hujiletea madoa yaleyale aliyotaka kuyaondoa.

Kuhusu chunusi, matarajio yapunguzwe. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha sabuni ya kuua bakteria peke yake na sabuni hiyo pamoja na asali ya mti wa kanuka, na haukupata ushahidi kwamba asali iliongeza nafuu.

Vidonda vinahitaji uangalifu zaidi. Ni kweli kwamba hospitali katika nchi mbalimbali hutumia asali kwenye majeraha na baadhi ya vidonda vya moto, lakini asali hiyo imesafishwa kwa mionzi ili kuua vimelea bila kuipasha moto. Ya sokoni haikupita huko. Mama anayekaanga samaki Mwaloni akirukiwa na mafuta, aweke mkono kwenye maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha jeraha likaangaliwe kituo cha afya.

Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipakwe asali kwenye midomo iliyokauka wala kwenye fizi, hata kama bibi zetu walifanya hivyo. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo tumbo la mtu mzima huzihimili, ila kwenye utumbo wa mtoto mchanga huweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Midomo yake ipakwe mafuta mepesi ya mgando yasiyo na manukato, na aendelee kunyonya.