Ukikuta Mfupa au Jiwe la Kale Olduvai, Liache Palepale

Masika yakipita, kuta za Korongo la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, humomonyoka na mifupa iliyogeuka mawe hujitokeza. Ndipo sisi tunaochunguza mabaki haya tunapoanza kuletewa mizigo: jiwe ndani ya kiroba, jino limefungwa kwenye kitambaa, mara nyingine limeoshwa kwa sabuni lipendeze. Mletaji ana nia njema, hilo hatulitilii shaka. Anachotaka kujua ni kimoja tu: lina miaka mingapi?

Likishang'olewa mahali pake, mara nyingi hatuwezi kumjibu.

Wengi wanaamini tunapima mfupa wenyewe kwa kaboni. Hapana, na tumelisema hili mara nyingi. Kaboni-14 haifai kwa kitu kilichopita miaka 50,000 hivi, na sehemu za chini za Olduvai zina karibu milioni 2. Kinachopimwa ni jivu la volkano lililo juu na chini ya mfupa. Zamani hizo palikuwa na ziwa la magadi, na volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, hasa Olmoti, zilikuwa zikilimwagia majivu. Baina ya mlipuko na mlipuko, ziwa na vijito vilitandaza tope na mchanga. Jivu hilo lilishikamana likawa mwamba tunaouita tafu. Ukilitazama kwa lenzi utaona chembe za feldspa, aina ya madini, zinazong'aa. Ndani yake potasiamu hugeuka gesi ya agoni polepole mno. Chembe ikiwa katika joto la volkano gesi hutoroka, ikishapoa hunaswa na kuanza kulimbikizana. Maabara hupima gesi hiyo. Kwa njia hiyo, mwaka 1961 ilitangazwa kuwa fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, alilolivumbua mtafiti Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959 katika Tabaka la Kwanza, lina miaka milioni 1.75. Vipimo vya karibuni vimelisogeza hadi milioni 1.84 hivi.

Jiwe la kirobani halina jivu juu wala chini.

Na si umri peke yake unaopotea. Chukua kipande cha kwatzaiti, aina ya mwamba mgumu, chenye ukubwa wa ngumi, kilicholala katika tope laini la ziwa. Maji yaliyotulia kiasi cha kutuamisha tope hayana nguvu ya kusukuma jiwe kama hilo. Basi lilibebwa na mkono, pengine kutoka kilima cha Naibor Soit, kilomita chache kutoka hapo. Ushahidi huo unaonekana likiwa ndani ya tope lake. Mezani kwetu ni jiwe tu.

Sasa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na masalia ya kale ya binadamu, wanyama na mimea. Kuchimba, au kutafuta kwa nia ya kuchimba, kunahitaji leseni. Mtafiti hupata kwanza kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kisha leseni ya uchimbaji, kisha ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro; kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Kusafirisha nje ya nchi kuna kibali chake peke yake, hata kama ni kipande kidogo kinachopelekwa maabara na kurudishwa. Anayekiuka anakabiliwa na faini au kifungo, au vyote viwili. "Nililiokota, sikulichimba" si utetezi tunaoushauri.

Kwa wale wanaokwenda na sururu usiku wakitafuta fedha wanazodhani Wajerumani walizifukia: mtafiti Hans Reck alikuwa Mjerumani na alifanya kazi Olduvai mwaka 1913, ni kweli. Alikuwa akitafuta mifupa na kuyapanga matabaka. Hakuna rupia alizofukia.

Hata mchanga mweusi unaohama, ulio karibu na korongo, usichotwe kwenye chupa. Ni jivu la volkano lenye sumaku, ndiyo maana chembe zake hushikana na lundo zima husogea pamoja kwa upepo, mita 17 hivi kwa mwaka.

Ukiona kitu, simama. Usikisafishe, usikigeuze. Kipige picha ukiwa umeweka kalamu kando kuonyesha ukubwa, kisha piga nyingine kwa mbali ionyeshe ukuta na rangi ya tabaka (la Tatu ni jekundu, halipotei). Hifadhi alama ya mahali kwenye simu, kisha toa taarifa kwa askari wa hifadhi, ofisi ya serikali iliyo karibu au makumbusho ya Olduvai. Picha usiisambaze kwenye makundi ya WhatsApp kabla hatujafika.